Bunju wa mabaka meusi na mwenzake mwenye mwiba: ni samaki mmoja au wawili?

kijana_wa_matemwe

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kupeleka wageni kuogelea na snorkeli kwenye matumbawe ya Mnemba. Majina ya samaki wengi nimejifunza kwa wazee wa pwani, mengine kwa kusoma, lakini kuna mambo yamenishinda, na humu najua wamo wavuvi, wazamiaji na watu waliosomea bahari.

La kwanza ni yule bunju mdogo, urefu wake hauzidi kidole cha kati, mweupe mwenye vidoa vya kahawia, mabaka manne meusi mgongoni na mkia wa njano. Huyo nawaonyesha wageni karibu kila safari. Juzi mgeni mwenye kamera ya maana alipiga picha ya wawili wakiogelea sambamba, usiku tukaikuza kwenye kompyuta. Mmoja ni bunju wa siku zote. Wa pili rangi ni ile ile, mabaka ni yale yale manne, lakini mgongoni karibu na macho kasimamisha mwiba mwembamba, na pezi lake la juu ni refu linakwenda mpaka karibu na mkia. Mgeni akaniuliza kama ni dume na jike. Sikutaka kumpa jibu la kubuni, nikamwambia nitauliza.

La pili ni wale wasafishaji, visamaki vya buluu vyenye mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani. Kuna jiwe moja ambalo changu, pono na kangaja huja kusafishwa, wanatulia wakisubiri zamu. Nimeona changu kaja, kapanua mapezi, msafishaji kamsogelea akicheza ule mchezo wao wa kupanda na kushuka, mara changu akaruka kama aliyechomwa na kuanza kumfukuza. Wenzangu wanasema yuko msafishaji bandia anayeuma. Ni kweli? Nitamjuaje nikiwa majini?

Na swali ambalo nalifikiria zaidi: hila hii ya kujifanya samaki mwingine inafanya kazi kweli? Chewa ana macho makali na anaishi mwamba huo huo miaka yote. Anadanganywaje na rangi tu?

Nahodha_wa_Chole

Kijana, umefanya vizuri kutompa mgeni jibu la kubuni. Mimi nimekulia kwenye dema hapa Mafia, siku hizi naongoza wazamiaji ndani ya hifadhi, na hao wawili uliowataja ni samaki ninaowapenda kuliko hata papa ambao kila mgeni anataka kuwaona.

Si dume na jike. Ni samaki wa koo mbili. Wa kwanza ni bunju kweli, kitaalamu anaitwa Canthigaster valentini. Wa pili ni Paraluteres prionurus, yuko upande wa akina kikande. Wa kwanza ana sumu mwilini. Wa pili hana. Kavaa tu mavazi ya mwenye sumu, na anapenda kuogelea karibu na hao hao anaowaiga, ndiyo maana mgeni wako akawapata kwenye picha moja.

Ukiwa majini achana na rangi, rangi ndiyo inayokupoteza. Tazama mapezi mawili ya nyuma, la juu na la chini. Ya bunju ni madogo, yameota karibu na mkia kwenye sehemu nyembamba tu, yanapepea haraka haraka. Ya yule mwingine yana shina refu, la juu linaanzia kama katikati ya mgongo na kuendelea nyuma, na ukimkaribia taratibu utaona linakwenda kwa mawimbi madogo kutoka mbele kwenda nyuma. Ule mwiba wa mbele usiutegemee, kwa sababu muda mwingi kaulaza mgongoni na huuoni kabisa. Akishtuka ndiyo anausimamisha. Bunju yeye akibanwa anameza maji anavimba. Huyu hawezi kuvimba.

Na kwa kuwa picha mnayo, kuzeni mdomo. Meno ya bunju yameungana yakawa mabamba manne, mawili juu na mawili chini, kama mdomo wa ndege. Akina kikande meno yao ni mojamoja, yamesimama mbele, unaweza kuona nafasi katikati yake. Hapo hakuna ubishi tena.

Sasa sumu yenyewe. Ndiyo ile ile ya akina bunju wengi, tetrodotoksini, inakaa kwenye ini, kwenye mayai, na kwa hawa wadogo imo hadi kwenye ngozi. Moto hauiondoi. Samaki mkubwa akimtia mdomoni anamtema saa hiyo hiyo. Kuna mtafiti wa Australia, Gladstone, aliyewachunguza hawa kwa muda mrefu miaka ya 1980, akaonyesha kwamba hata mayai yao samaki wengine hawayataki. Jike anataga kwenye kishungi cha mwani na hapo wazazi wote wanaondoka, halindi dume wala jike. Sisi tunaovua tumezoea kuona samaki wakigombana kulinda mayai, wengine wanakuuma vidole ukisogea. Bunju huyu hana haja hiyo.

Kwa hiyo swali lako la mwisho. Chewa hazaliwi anajua. Anamuonja bunju akiwa mdogo, anapata tabu, na anakumbuka. Baada ya hapo akiona mweupe mwenye mabaka manne meusi anaendelea na safari yake. Ulinzi wa yule mwigaji haumo mwilini mwake hata kidogo, umo kwenye kumbukumbu ya chewa. Nataka uwaambie wageni wako hivyo hivyo, kwa sababu ukishalielewa hilo mengine yanafuata yenyewe. Ndiyo maana mwigaji anabaki karibu na bunju. Ndiyo maana unawaona bunju wengi na mwigaji mmojammoja. Mwamba ukiwa na waigaji wengi kuliko bunju, chewa mchanga atakayeanza kuonja ataangukia nyama tamu mara mbili tatu kabla ya kukutana na sumu, na atajifunza kwamba mabaka meusi ni chakula. Hapo hata bunju mwenyewe anaingia hatarini, ataumwa kwanza ndipo atemwe.

Kuhusu macho makali ya chewa: mwaka 2003 wanasayansi wawili, Caley na Schluter, walichapisha jaribio walilofanya kwenye mwamba na samaki wa plastiki, wengine wamefanana sana na bunju huyu, wengine nusunusu. Kadiri sanamu ilivyofanana naye ndivyo samaki walao wenzao walivyoiepuka, na hata ile ya kufanana kidogo ilipata nafuu fulani. Chewa anaona vizuri sana. Tatizo lake ni kwamba kukosea upande mmoja kunamkosesha kitafunwa, kukosea upande wa pili kunamtia sumu mdomoni. Mwenye akili anachagua njaa ya dakika tano.

Msafishaji bandia yupo, naam. Wa kweli ni Labroides dimidiatus. Wa bandia ni Aspidontus taeniatus, ukoo mwingine kabisa, ana chonge mbili kubwa kwenye taya la chini ambazo huzioni akifunga mdomo. Mstari ule ule, buluu ile ile, hata kule kucheza kwa kupanda na kushuka anakuiga. Alama ni mdomo. Wa kweli mdomo wake uko mbele kabisa, kwenye ncha ya uso. Wa bandia pua imetangulia na mdomo uko chini yake, unaangalia mchanga. Kaa ubavuni mwake, usikae juu, na subiri ageuke.

BintiWasini

Shikamoo Nahodha. Nimefurahi sana kusoma haya, mimi niko upande wa Wasini, Kenya, na nimesomea elimu ya bahari. Naomba kuongeza machache na moja nalipinga kidogo, si lako, ni la wenzake kijana.

Changu kuruka na kumfukuza msafishaji hakuthibitishi kwamba yule ni bandia. Msafishaji wa kweli naye anauma. Kazi yake ni kula chawa wa samaki, na si wachache: utafiti wa Alexandra Grutter kule Australia ulikuta msafishaji mmoja anakula karibu 1,200 kwa siku. Lakini anachokipenda zaidi ni ule ute unaofunika ngozi ya samaki, na akipata upenyo anaunyofoa. Hapo ndipo mteja anaruka. Redouan Bshary alikaa akiwatazama kwenye matumbawe ya Ras Mohammed, Misri, na yeye na wenzake wameeleza jinsi mteja anavyomfukuza msafishaji mdanganyifu, na jinsi msafishaji aliyefukuzwa anavyofanya kazi kwa uaminifu zaidi mteja huyo akirudi. Kwa hiyo kijana, ulichokiona kinaweza kuwa ugomvi wa kawaida kati ya fundi na mteja. Tazama mdomo kama alivyosema Nahodha, kisha ndipo useme.

La pili, huyu wa bandia amesingiziwa sana. Wataalamu wa Japani waliomfuatilia baharini wanasema wakubwa wao wanakula zaidi mayai ya samaki wanaotaga kwenye mawe, minyoo ya kwenye vijumba vyao na ncha za nyama ya chaza wakubwa. Wanaonyofoa mapezi ya samaki wenzao ni wale wadogo hasa. Kwa maana hiyo vazi la msafishaji linamfaa kwa njia mbili, linamkaribisha kwa mteja na pia linamkinga, kwa kuwa chewa hamli msafishaji wake.

Na kuna mwigaji wa pili wa yule bunju ambaye watu wengi wanampita bila kumjua, naye ni mtoto wa chewa. Plectropomus laevis akiwa mchanga ni mweupe, ana mabaka meusi mgongoni na mapezi ya njano. Akikua anaweza kuzidi mita moja, na hapo hana wa kumuogopa isipokuwa papa na binadamu. John Randall, ambaye aliwafahamu samaki wa matumbawe kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, alimweka kwenye orodha yake ya waigaji wa baharini aliyoichapisha 2005. Mimi huyu ndiye ananishangaza zaidi. Samaki atakayekuja kuwala wengine anaanza maisha amejificha ndani ya sura ya samaki asiyelika.

Kwa ambao hawajui, wa kwanza kueleza aina hii ya kuiga alikuwa Henry Walter Bates, kutokana na vipepeo wa Amazon, mwaka 1862. Baharini ilichukua muda mrefu kuonekana kwa sababu mtu alihitaji kwanza kukaa chini ya maji akatazama.

kijana_wa_matemwe

Shikamoo Nahodha, ahsante sana dada BintiWasini. Nimerudi kwenye zile picha. Bunju wetu ana mabamba ya meno kama ulivyosema, na yule mwingine meno ni mojamoja, yanaonekana wazi kabisa. Mgeni ameshaondoka lakini nimemtumia ujumbe, amefurahi.

Na ule ugomvi wa changu, mwenzangu alikuwa ameurekodi kwa simu. Tumeusimamisha pale msafishaji anapogeuka: mdomo uko mbele, kwenye ncha. Alikuwa wa kweli.

Naomba mawili ya mwisho. Jirani yangu kasoma hapa akauliza, kama yule wa mwiba hana sumu, basi analika? Na pili, kuna pango dogo upande wa kina kirefu, mmoja wa wazamiaji anasema aliona samaki mweusi wa vidoa vyeupe. Alipomsogelea, samaki hakukimbia. Aliingiza kichwa shimoni, akaacha mkia nje, na kwenye mkia kuna jicho kubwa. Anasema kwa mbali aliapa ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Ndiyo mambo haya haya?

mvuvi_mstaafu_Kilwa

Jirani asijaribu. Sisi watu wazima na uzoefu wetu tumekiri hapa kwamba majini wanatupotea, yeye atawatofautishaje wakiwa wamekufa kwenye ndoo, mapezi yamelala na rangi zimefifia? Nyama yenyewe haijazi kijiko. Bunju ameua watu pwani hii na familia zao zipo.

Nahodha_wa_Chole

Marahaba wote. Mzee wa Kilwa amemaliza la jirani, siongezi.

BintiWasini, ahsante kwa la msafishaji kumuuma mteja. Nimeshawaona wakifukuzwa kisha wakarudi kwa adabu, na sikujua kuna watu wamekaa chini wakaliandika.

Kijana, mzamiaji wenu ana bahati. Huyo ni Calloplesiops altivelis. Anaishi mapangoni na nyufani, mchana anajificha, jioni na usiku ndiyo anatoka. Hafiki hata sentimita 20 kwa kawaida, mweusi au kahawia nzito, amejaa vidoa vyeupe mwili mzima, mapezi marefu yanayomfanya aonekane mkubwa kuliko alivyo. Mkunga anayeigwa naye ni Gymnothorax meleagris, naye ni mweusi wa vidoa vyeupe, anatoa kichwa tu nje ya shimo. McCosker alieleza jambo hili mwaka 1977. Sasa sikiliza anavyofanya. Akitishwa, samaki mwingine yeyote anaingia shimoni mzima mzima. Huyu anaingiza kichwa, anapanua mapezi ya nyuma na kubaki ametulia. Lile doa la jicho liko mwisho wa pezi la mgongoni. Chini yake, pale pezi la mgongoni linapoachana na mkia, kuna nafasi. Mtazame kutoka nje ya shimo: doa linakuwa jicho la mkunga, ile nafasi inakuwa mdomo wake. Sehemu ya samaki ambayo wengine wote wanaificha kwa kukimbia, yeye anaigeuza kuwa uso.

Umuone kwa karibu uelewe kwamba rangi peke yake isingetosha. Bila kile kitendo cha kuingiza kichwa na kutulia, vidoa vyake havimsaidii kitu. Na yule wa jamii ya kikande bila kuogelea taratibu kama bunju angegundulika. Tuguu mchanga naye ni hivyo hivyo: nenda kwenye mikoko maji yakijaa utaona majani makavu ya kahawia yanaelea, moja limelala ubavu linakwenda na maji kama mengine, na likifika karibu na mguu wako linageuka na kuogelea. Rangi ya jani anayo, lakini kinachomwokoa ni kukubali kusukumwa na maji.

Naomba niseme jambo linaloniuma, na nalisema kwa waongozaji wote mnaosoma hapa. Kuna watu wanamkamata bunju kwa mkono au kumbana kwenye kona ya matumbawe ili avimbe, wageni wapige picha. Acheni. Kuvimba ni silaha yake ya mwisho, inamchosha, na akiachiwa anabaki anaelea bila nguvu mbele ya kila mwenye njaa. Na kama mmenifuata tangu juu mnaelewa kwamba hamumgusi yeye peke yake. Bunju wakipungua kwenye mwamba, yule mwenye mwiba anakosa wa kujificha nyuma yake, na yule chewa mchanga wa BintiWasini pia.

Wasafishaji ndio zaidi. Wanakamatwa wakiwa hai kwa ajili ya biashara ya samaki wa mapambo, kwa sababu ni wazuri na ni rahisi kuwapata, hawakimbii watu. Kule Lizard Island, Australia, watafiti waliondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba midogo na kuwazuia wasirudi kwa miaka 8 na nusu. Samaki wa miamba hiyo walipungua idadi, aina zikapungua, na baadhi ya waliobaki walikuwa wadogo kuliko wa miamba yenye wasafishaji. Kisamaki cha urefu wa kidole. Lile jiwe lako ambapo changu, pono na kangaja wanasubiri zamu, kijana, usiruhusu mtu afunge nanga karibu nalo, na wageni wakae mbali kiasi kwamba foleni haivunjiki. Ukiona samaki wanaanza kuondoka, umekaribia mno, rudi nyuma.

Kwa huyo wa pangoni, mpelekeni mzamiaji jua likikaribia kuzama, taa isiwe kali, na mwangaza uelekezeni pembeni ya shimo, si ndani moja kwa moja. Akiingiza kichwa msimfuate, subirini nje, baada ya muda atajitokeza mwenyewe. Na mtu yeyote asitie mkono wala kijiti mle ndani kumchokoa, kwa sababu mkunga wa kweli anaishi kwenye mashimo ya namna ile ile na jeraha lake linachelewa kupona.